Kuhani Yupi Awafaa Waingiao Nchi ya Wafu?

Katika likizo kuu iliyopita vijana watano, wanne wa shule yetu na dada wa mmoja wao, walikuwa wakikutana kila Jumamosi jioni barazani kwetu Buyenzi kucheza ule mchezo wa masimulizi uitwao Dungeons & Dragons. Mimi, niliyemaliza masomo hapa zamani kidogo, nilikuwa Bwana wa Mchezo, yaani yule anayesimulia nchi na adui zake, na kila mmoja wao alikuwa mtu mmoja katika hadithi. Jumamosi ya nne watu wao wote wa hadithi waliangamia. Tangu siku hiyo mmoja wao huniandikia na kuniuliza neno moja tu: tukirudi, kuhani wetu awe wa namna gani? Nimeona heri nijibu humu gazetini, maana najua si yeye peke yake anayetaka jibu.

Kwa wasioujua mchezo huu, maneno machache yatatosha. Hakuna lazima ya ubao wala kete. Mchezaji husema mtu wake anataka kufanya nini, na bahati huamuliwa kwa dadu ya pande 20. Sisi hatukuwa na dadu hiyo. Tulikata vipande vya karatasi, tukaviandika 1 mpaka 20, tukavitia katika kopo tupu la maziwa, na kila mtu akachomoa bila kutazama. Kazi ilikwenda sawasawa, hata umeme ulipokatika na kopo likawa kando ya mshumaa.

Ama huyo kuhani, asili yake ni ya kuchekesha, tena inahusu jambo letu hili hili. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, kule Minnesota, Marekani, Bwana Dave Arneson aliwachezesha rafiki zake katika nchi ya kubuni aliyoiita Blackmoor. Mmoja wao, David Fant, mtu wake wa hadithi aligeuka mnyonya damu aliyeitwa Sir Fang, akawa na nguvu mno hata wenzake wakashindwa kucheza naye. Basi dawa ikatafutwa. Mike Carr akapewa kuwa kasisi wa kijiji, mwenye uwezo wa kuwafukuza wafu wanaotembea, kama walivyofanya wawindaji wa wanyonya damu katika filamu za Uingereza za siku zile. Arneson na Gary Gygax walipouchapa mchezo mwaka 1974, kulikuwa na kazi tatu tu za kuchagua: mpiganaji, mchawi, na kuhani. Kwa hiyo kuhani hakuongezwa baadaye kwa ajili ya hadithi za wafu. Alizaliwa kwa ajili yao.

Hapo ndipo watu wengi wanapokosea. Husema: tunakwenda kupigana na wafu, basi tutafute kuhani anayewafukuza wafu. Lakini kila kuhani anawafukuza! Katika kanuni za toleo la 5, zile za mwaka 2014 tunazozitumia sisi, kuhani yeyote afikapo daraja la 2 huinua alama ya imani yake, na wafu wote walio ndani ya futi 30, yaani kama mita 9, wakimwona au kumsikia, hawana budi kujaribu bahati yao. Wakishindwa hukimbia kwa muda wa dakika moja. Afikapo daraja la 5, wale wadogo hawakimbii tena, bali huangamia papo hapo. Uwezo huo huwezi kuukosa hata ukitaka. Kwa hiyo swali la kuuliza ni hili: uwezo huo unashindwa wapi, na ni tawi gani la ukuhani linaloziba pengo?

Unashindwa mahali pengi. Mfu aliyefukuzwa akipigwa na kuumia, hofu humtoka na hugeuka kupigana. Na nani awezaye kumzuia mpiga upinde wenu asimtupie mshale mgongoni? Wale wanaokula maiti wana mkubwa wao, mwenye harufu mbaya, ambaye akiwa karibu huwapa wenzake ushupavu wa kutokimbia. Na mnyonya damu mkubwa ana haki ya kukataa kushindwa mara 3 kwa siku, hata bahati ikimwendea vibaya namna gani.

Sasa nieleze yaliyotupata. Kuhani wetu alikuwa wa Vita. Matawi haya huitwa milki, na katika kitabu cha mwaka 2014 zimo 7: Elimu, Uhai, Nuru, Maumbile, Tufani, Hila na Vita. Kijana wetu aliipenda Vita kwa sababu ya deraya nzito na upanga, nami sikumzuia. Katika handaki la kwanza walikutana na mazombi sita. Zombi ana tabia moja ya kuudhi: ukimpiga hata afe, hujaribu bahati, na akipata husimama tena akiwa na alama moja ya uhai. Kuna mambo mawili tu yasiyompa nafasi hiyo, nayo ni pigo la bahati kuu, au mwanga mtakatifu. Upanga si mwanga. Walimkata zombi mmoja mara nne na mara nne akainuka, watoto wakicheka mpaka machozi, lakini nguvu zao zilikuwa zinakwisha.

Kisha vikaja vivuli vitatu. Kivuli hakichukui uhai peke yake. Kila kikigusa huondoa nguvu za mwili, 1 mpaka 4, na mwenye nguvu zikifika 0 amekufa, na baada ya saa chache yeye mwenyewe huinuka akiwa kivuli. Mwizi wetu, yaani mtu wa hadithi wa yule dada, alikuwa na nguvu 8 tu. Aliguswa mara tatu. Laiti wangalijifungia chumbani wakapumzika saa moja, nguvu zote zingalirudi. Lakini hapana aliyeijua kanuni hiyo ila mimi, na Bwana wa Mchezo hasemi. Yule dada alikaa kimya kwa muda mrefu, kisha akaniuliza, "Kaka, sasa mimi nitapigana na wenzangu?" Nikamjibu ndiyo. Sijui kama nilifanya vema.

Basi tuzitazame milki zinazofaa, nami nitasema wazi ninayoipenda.

Nuru ndiyo ambayo wengi wataitaja kwanza, na wana sababu. Kuhani wa Nuru wa daraja la 2 huweza kung'aza alfajiri ndani ya futi 30: giza la uchawi huondoka, na kila adui huumizwa kwa dadu mbili za pande 10 pamoja na daraja la kuhani. Katika daraja la 3 hiyo ni wastani wa alama 14, na mfu wa mifupa mitupu ana 13. Maumivu hayo ni ya mwanga mtakatifu, kwa hiyo zombi hainuki, na kivuli huumia mara mbili. Kama angalikuwako siku ile tusingalizika mtu. Lakini tazameni jambo moja ambalo wengi hawalioni. Afikapo daraja la 5, uwezo wa kila kuhani huwaangamiza mifupa, mazombi na hata vivuli bila kuhesabu alama. Yaani kazi ile ambayo Nuru aliifanya vizuri, sasa makuhani wote wanaifanya. Hubaki na moto wake mkubwa, nao si haba. Ila ubora wake juu ya wafu wadogo ni wa daraja la 2 mpaka la 4. Hadithi yenu ikiwa fupi, chukueni Nuru wala msisite.

Uhai una heshima ya pekee kwetu, maana haununuliwi. Mwezi wa Januari 2023 wenye mchezo waliziachia kanuni za msingi za toleo la 5 ziwe huru kwa mtu yeyote kunakili, na katika kanuni hizo milki ya kuhani iliyomo ni moja tu, nayo ni Uhai. Kijana wa Bwiza au Nyakabiga asiye na fedha za kuagiza kitabu kutoka ng'ambo anaye kuhani huyu tayari. Naye si wa kudharauliwa. Kila aponyapo kwa uganga huongeza alama 2 na daraja la uganga ule. Na katika daraja la 5 anaweza kugawa alama 25 kwa wenzake walio karibu, kwa tendo moja, wasizidi nusu ya uhai wao. Anao pia uganga wa kumkinga mtu na mauti mara moja. Upungufu wake ni kwamba wafu wakubwa hawakujeruhi tu. Hukupunguzia kile kipimo chenyewe cha uhai, na kuponya kwa kawaida hakurudishi kipimo.

Machweo nitaipita upesi. Ilitoka katika kitabu cha mwaka 2020. Kuhani wake huona gizani futi 300, na kwa dakika moja huwapa wenzake ngao ya uhai mpya mwisho wa kila zamu, tena huwaondolea hofu. Ni milki yenye nguvu kupita kiasi. Mabwana wengi wa Mchezo huikataa, nami ni mmoja wao, kwa sababu hadithi ya wafu isiyo na hofu ni kama pilau isiyo na viungo.

Milki ya Mauti, ambayo vijana huikimbilia kwa sababu ya jina, haifai kabisa. Iliandikwa kwa ajili ya adui. Silaha zake ni za kunyausha uhai, na wafu wengi hawanyauki. Wataka kumwua aliyekwisha kufa?

Nimebakiza Kaburi, milki iliyotoka mwaka 2017, nami nakiri kwamba ninaipenda. Kuhani wake hujua mahali walipo wafu ndani ya futi 60, wasipojificha nyuma ya ukuta, mara chache kila siku. Mwenzake akiwa amelala chini hana alama hata moja, dadu za kumponya hazitupwi. Huhesabiwa kila moja kuwa imefika juu kabisa. Tufanye hesabu, maana wengine hudhani Uhai humshinda. Kuhani mwenye hekima ya +3, kwa uganga mdogo wa kuponya: wa Uhai hupata wastani wa 10 na nusu, wa Kaburi 11. Kwa uganga wa daraja la 2, wa Uhai 16, wa Kaburi 19. Lakini hiyo ni kwa aliyeanguka tu. Kwa aliyesimama wa Uhai yu mbele sana. Hivyo wa Kaburi lazima awe na moyo mgumu, amwache mwenzake aanguke ndipo amwinue.

Uwezo wake mkubwa ni kumwelekeza adui mmoja njia ya kaburini: pigo litakalofuata humwumiza maradufu. Mwizi wa daraja la 5 akivizia vizuri hupata kama alama 19; zikawa 38. Ndiyo maana nasema pengo lile la mnyonya damu mkubwa linazibwa hapa, kwani hakuna bahati ya kujaribu wala haki ya kukataa. Ila mwizi akikosa pigo, na mwingine akawahi kumpiga adui kwa kisu kidogo, uwezo wote umepotea kwa kisu. Patanani kabla.

Kuna sababu nyingine isiyo ya hesabu. Kuhani wa Kaburi hafundishwi kuwachukia wafu. Imani yake ni kwamba aliyekufa apumzike, na anayemzuia kupumzika ndiye adui. Mawazo haya hayako mbali nasi. Wazee wetu wa Kirundi walijua abazimu, na Waswahili wanasema mizimu, nao ni watu wa ukoo, si majoka ya kukatwa vichwa. Jirani zetu wa Tanzania husimulia habari za misukule, watu wanaodhaniwa wamekufa kumbe mchawi amewaficha wamlimie usiku. Na hapo pia mwenye kosa ni mchawi.

Tena tunaishi katika nchi ambayo mwanzoni mwa 2020 Tume ya Ukweli na Maridhiano ilifukua makaburi ya halaiki kule Karusi, ikatangaza mabaki ya watu zaidi ya 6,000. Nilipokuwa nikitunga handaki lile la kwanza nilitaka mazombi watoke katika shimo moja kubwa kando ya mto. Kijana mmoja, ambaye babu yake hakurudi mwaka 1972, aliniambia kwa adabu, "Mzee, hao usiwatoe shimoni." Nilibadili. Waliotoka wakawa askari wa mfalme mmoja wa zamani, waliofungwa kwa kiapo. Bwana wa Mchezo yeyote atakayechezesha hadithi ya namna hii mjini kwetu aulize kwanza, kabla ya kuandika ramani.

Jibu langu kwa aliyeniandikia ni hili basi. Hadithi yetu itaanza daraja la 3 na kufika la 9, na mwisho wake yuko bwana mmoja, si jeshi. Chukua Kaburi, kitabu ninacho mimi, njoo unakili kurasa zake. Ukiwa mbali nasi na una kanuni za bure tu, chukua Uhai, ukaze kujifunza ule uganga wa daraja la 3 unaozungusha roho za ulinzi pande zote za kuhani. Huo ni wa makuhani wote, na mwanga wake huwazuia mazombi kuinuka.

Tunaanza tena Jumamosi ya kwanza ya likizo, saa kumi jioni, pale pale barazani. Yule dada amesema atarudi, lakini mtu wake mpya ana nguvu 15, na kivuli cha yule wa kwanza bado kiko handakini. Kopo la karatasi aje nalo yeyote aliyelichukua.