Kwa Nini Kinu cha Nyuklia Huhitaji Maji Hata Baada ya Kuzimwa

Wakazi wa Kata ya Issuna, mkoani Singida, ni majirani wa Wilaya ya Manyoni, ambako utafiti wa madini ya urani umewahi kufanyika. Ujirani huo usizue hofu isiyo na msingi: Tanzania haina kinu cha umeme wa nyuklia, na urani iliyo ardhini haihitaji kupozwa. Haja ya upozaji wa dharura hutokea ndani ya kinu, tena hata kikiwa kimezimwa.

Chungu kikiepuliwa jikoni hupoa. Kinu sivyo. Mpasuko wa atomu ukisimamishwa, mabaki ya atomu zilizokwisha kupasuka huendelea kutoa joto. Baada ya saa moja bado ni zaidi ya asilimia 1 ya nguvu ya awali. Kwa kinu cha megawati 3,000 za joto, asilimia 1 hiyo ni megawati 30, zinazotosha kugeuza kuwa mvuke ndoo ya lita 20 za maji yanayochemka katika muda usiofikia sekunde 2. Kwa mkoa unaojua thamani ya ndoo ya maji, hesabu hiyo haihitaji ufafanuzi zaidi.

Bomba kuu likipasuka, maji humwagika na shinikizo hushuka. Katika vinu vingi, matangi ya akiba yenye gesi ya naitrojeni iliyoshindiliwa hufunguka yenyewe bila umeme na kumimina maji kinuni. Pampu huendeleza kazi hiyo, kisha huyarejesha maji yaliyokusanyika sakafuni. Yasipofika, vifuko vya zirkoni vinavyohifadhi fueli hukaribia nyuzijoto 1,200 za Selsiasi, huungana kwa kasi na mvuke na kutoa haidrojeni, gesi inayolipuka.

Tarehe 28 Machi 1979, katika kituo cha Three Mile Island nchini Marekani, vali ilikwama wazi na maji yakavuja. Pampu za dharura zilijiwasha ipasavyo. Waendeshaji, wakipotoshwa na kipimo kilichoonesha maji yamejaa, wakapunguza mtiririko wake. Takribani nusu ya kiini cha kinu ikayeyuka. Fukushima, Japani, mwaka 2011, kilichokosekana ni umeme wa kuendesha upozaji baada ya tsunami, na viini vya vinu vitatu vikayeyuka.

Nchini, udhibiti wa matumizi salama ya mionzi ni jukumu la Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, chini ya Sheria ya Nguvu za Atomiki ya mwaka 2003.