Sindano za Vichochoroni Zaweza Kulemaza

KATORO ni mji uliokua upesi. Upo kando ya barabara itokayo Geita kuelekea Chato, na dhahabu ya machimbo ya jirani imewavuta hapo watu wa kila pembe ya nchi. Mchimbaji mwenye maumivu ya mgongo hataki kupoteza siku ya kazi, na mama mwenye mtoto anayechemka homa huona foleni ya zahanati ni ndefu mno. Katika miji ya namna hii huwa hakosekani mtu wa kichochoroni mwenye bomba la sindano lakini hana cheti. Mlangoni kwake hakuna foleni.

Wazazi wengi wanajua kuogopa sindano chafu na dawa iliyokwisha muda. Lakini ipo hatari nyingine isiyozungumzwa sana, nayo ni kuchomwa mshipa wa fahamu.

Mshipa uliojificha

Ndani ya kalio hupita mshipa wa fahamu ulio mkubwa kuliko yote mwilini. Kwa mtu mzima, unene wake hukaribia ule wa kidole gumba. Hutoka kiunoni na kushuka mguuni, nao ndio unaowezesha unyayo kuinuka mtu anapotembea.

Mwuguzi hufundishwa kuligawa kalio mafungu manne, kisha kuchoma fungu la juu, upande wa nje, mbali na mshipa huo. Kwa mtoto mdogo, ambaye nyama yake ni haba, hufundishwa kuchoma paja kwa upande wa nje. Asiyefundishwa huchoma popote.

Sindano ikiugusa mshipa huo, maumivu hushuka mguuni kama pigo la umeme. Dawa kali kama kwinini ikimwagika hapo, huuunguza. Mtoto aliyeingia akitembea hutoka akiburuza unyayo. Nchini Uganda, tangu miaka ya 1990, madaktari wa upasuaji wameandika juu ya watoto waliolemaa kwa njia hii. Mshipa uliojeruhiwa hukua tena kwa kadiri ya milimita 1 kwa siku. Basi kupona huchukua miezi mingi, na wengine hawaponi kabisa.

Ganzi si kazi ya dukani

Ipo pia sindano inayopelekwa makusudi karibu na mshipa wa fahamu, yaani ya ganzi. Hiyo yahitaji mtaalamu anayejua njia za mishipa na kipimo cha dawa. Dawa ya ganzi ikiingia katika damu kwa wingi, yaweza kuleta degedege na kusimamisha moyo. Penye hatari hiyo lazima pawe na hewa ya oksijeni na mtu ajuaye kuitumia. Benchi la dukani halina vitu hivyo.

Si kila homa ni ya sindano

Mwaka 1991 sheria ya 1977, iliyokuwa imezuia tiba ya binafsi ya kibiashara, ilirekebishwa, na huduma za binafsi zikaongezeka. Zinasaidia wengi, lakini ruhusa hiyo haikuwa ya kila mtu. Hata maduka ya dawa muhimu, yaliyoanzia Ruvuma mwaka 2003, yanaruhusiwa kuuza dawa, si kuchoma sindano.

Tena, tangu mwisho wa mwaka 2006, malaria ya kawaida hutibiwa nchini kwa vidonge vya dawa mseto. Sindano ni ya malaria kali, na mgonjwa wa malaria kali mahali pake ni hospitalini.

Wajibu wa mzazi

Kabla mtoto hajavuliwa nguo, uliza: Sindano hii ni ya dawa gani? Kwa nini vidonge havitoshi? Wewe umesomea wapi kazi hii? Mganga wa kweli hakasiriki kwa maswali hayo.

Ikiwa mtoto amekwisha chomwa, na mguu umelegea au anakataa kuukanyagia, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Usimkande kwa maji ya moto, kwa maana mguu uliokufa ganzi huungua bila mtoto kuhisi. Mazoezi ya viungo yakianza mapema, unyayo huepushwa na kukakamaa.

Siku moja ya kazi iliyopotea kwenye foleni hulipika wiki ijayo. Mguu wa mtoto haulipiki kwa dhahabu yote ya Geita.