Je, Wajua? Korongo Lenye Makorongo

Mto Kalambo ni sehemu ya mpaka wa Tanzania (mkoani Rukwa) na Zambia. Unapofika ukingoni mwa nyanda za juu, maji yanajitupa kwa mruko mmoja wa zaidi ya meta 200, bila kugusa ngazi ya jiwe njiani, kisha yanapita kwenye korongo lenye kuta wima hadi Ziwa Tanganyika. Masika hupigi picha bila kuifuta lenzi kila mara.

Kiangazi, kuta hizo hugeuka mtaa wa korongo mfuko-shingo, yule ndege mwenye upara tunayemwona akipekua majalala ya mijini. Kule hutaga kwenye vibao vya mwamba, na ukisimama juu unamtazama mgongoni akiruka.

La kustaajabisha zaidi liko juu kidogo ya maporomoko, upande wa Zambia. Mwaka 2023 wanasayansi walitangaza magogo mawili yaliyochongwa na kupachikwa kwa pengo, yenye umri wa takriban miaka 476,000. Udongo uliolowa maji ndio uliyazuia yasioze. Fundi wake? Si binadamu wa aina yetu. Sisi tulikuwa bado hatujatokea.