Kabla ya kujaza hewa, tujue kwanza maana ya kunepa

MAJUZI nilijitosa katika Msitu wa Karura, jijini Nairobi, nikiwa juu ya baiskeli ya milimani niliyoachiwa na mwanangu. Nilipokanyaga mzizi wa kwanza, tandiko lilinirusha mithili ya punda aliyechoshwa na mizigo. Nilirudi nyumbani nikichechemea. Kosa halikuwa la baiskeli. Lilikuwa langu, mwalimu wa lugha niliyedhani kwamba kulijua neno ni kukijua kitu.

Sisi tuliokulia juu ya Black Mamba tulizoea springi za chini ya tandiko tu. Baiskeli hii ina shokomzoba upande wa nyuma, na ndani yake hakuna springi ya chuma bali hewa iliyofungiwa katika silinda. Jina hilo tulilolitohoa kutoka Kiingereza hudai kwamba kifaa hiki hunyonya mshtuko, jinsi sifongo inavyonyonya maji. Nami nikawaza: hewa ikizidi, unyonyaji nao utazidi. Nikajaza kwa pampu yake hadi mkono ukachoka.

Kumbe sivyo. Hewa hainyonyi kitu. Huihifadhi nguvu ya kishindo, kisha huirudisha. Kinachoipunguza nguvu hiyo ni mafuta yanayolazimishwa kupenya katika vitundu vidogo. Kazi ni mbili, jina ni moja, na jina lenyewe limeficha ile kazi iliyoniumiza.

Nilimpelekea fundi baiskeli hiyo. “Prof, kwani umeweka upepo kiasi gani?” akauliza. Nilitaka kumsahihisha kwamba kilicho ndani ni hewa, kwa kuwa upepo ni hewa inayovuma. Nikanyamaza, maana mgonjwa hamsahihishi daktari.

“Hebu niambie,” akaendelea, “kitanda cha kamba ukikikalia kinafanyaje?”

“Kinanepa.”

“Basi hii nayo lazima inepe kidogo ukiikalia. Isiponepa, gurudumu halitafuata shimo. Ikinepa kupita kiasi, itakuwa inagonga mwisho kila mara.”

Kwa kitenzi kimoja nikaelewa kile ambacho kitabu cha maelezo, kilichoandikwa kwa Kiingereza, kilikuwa kimenishinda. Tangu siku hiyo naiita hali hiyo mnepo, na hivi ndivyo unavyopimwa.

Kwanza, vaa kama unayekwenda safari: kofia, viatu, begi na maji. Uzito wote huo huhesabiwa. Fungua kabisa kile kiwiko cha kukazia shokomzoba, kama ipo nacho. Pili, tumia pampu maalumu ya shokomzoba yenye geji. Pampu ya magurudumu haifai, kwani kipimo kinachohitajika ni kikubwa. Mahali pa kuanzia kwa baiskeli nyingi ni psi zinazokaribiana na uzito wako kwa ratili. Mimi nina kilo 80, yaani takribani ratili 176, kwa hivyo nilianzia psi 175. Hata hivyo, mwongozo wa baiskeli yako ndio wenye kauli ya mwisho, na kamwe usipite kiwango cha juu kilichoandikwa kwenye shokomzoba yenyewe.

Jaza kidogo kidogo, na kila baada ya psi 50 hivi ididimize taratibu mara kumi au zaidi, ili hewa igawanyike sawa katika vyumba vyake viwili. Kisha sukuma kile kipete cha mpira hadi kiguse mdomo wa silinda. Egemea ukuta, kalia tandiko bila kurukaruka, halafu shuka polepole. Umbali ambao kipete kimesogea ndio mnepo wako. Aghalabu hutakiwa uwe kati ya asilimia 25 na 30 ya mwendo wote wa shokomzoba. Ikiwa mwendo ni milimita 50, tafuta milimita 12.5 hadi 15. Ukizidi, ongeza psi 5. Ukipungua, toa kiasi hicho hicho, kisha pima upya.

Ukifungua pampu utasikia “fsss”. Usihofu, aghalabu hiyo ni hewa ya mpira wa pampu. Vilevile ukiirudisha, geji itashuka, kwa sababu hewa ya shokomzoba imejaza mpira huo.

Ukishapata mnepo, rekebisha kasi ya kurudi kwa kidude cha kuzungusha, ambacho mara nyingi huwa chekundu. Shuka ukingo wa barabara ukiwa umeketi. Ikidunda mara moja na kutulia, umepatia. Ikiendelea kudundadunda, inarudi haraka mno, na hiyo ndiyo iliyonirusha Karura. Ikirudi kwa uvivu, itakosa nafasi ya kunyooka kabla ya shimo la pili.

Mnepo wangu leo ni milimita 14, na kiuno kimetulia. Sisemi tulifute neno shokomzoba. Limeshakaa vinywani mwa watu. Nasema tu kwamba tunapoketi kubuni istilahi, tumwalike na fundi. Tulikuwa na kitenzi nepa siku zote, kikilala kwenye vitanda vya kamba vya bibi zetu, nasi tukaenda kuazima.