Fahamu: Ndege iliyoegeshwa inavyoweza kuishtua iliyo angani

Usiku wa 29 Januari 2025, helikopta ya jeshi la Marekani iligongana na ndege ya abiria karibu na uwanja wa Reagan, Washington, na watu 67 wakafa. Helikopta hiyo haikuwa ikirusha ADS-B, yaani matangazo ya redio yanayoeleza chombo ni kipi, kiko wapi na juu kiasi gani. Madai kwamba kila chombo kitangaze ni ya haki. Lakini kifaa kinachotangaza uongo nacho ni hatari, na uongo huo unaweza kuanzia mkononi mwa fundi.

Akipima transponda, yaani kifaa kinachorusha matangazo hayo, fundi hubadili shinikizo la hewa kwa mashine hadi ndege "idhani" iko futi 20,000, ilhali magurudumu yako sakafuni. Mawimbi yakivuja, TCAS, yaani mfumo wa kuepusha migongano, ya ndege inayopita juu yaweza kumwamuru rubani apande au ashuke ghafla. Naye hutii: tangu mgongano wa ndege wa Überlingen wa 2002, ulioua watu 71, imesisitizwa kwamba amri hiyo hutangulia ya mwongoza ndege. Wapo wasemao kuta za hanga zatosha kuyazuia mawimbi. Hazitoshi, mawimbi hupenya milangoni. Antena ifunikwe kwa kifuniko maalumu cha kufyonza mawimbi. Namba ya utambulisho ya ndege, ya biti 24, nayo ihakikiwe, kwani TCAS hupuuza chombo chenye namba sawa na yake. Kazi isisainiwe kabla namba hiyo haijasomwa kwenye mawimbi yenyewe, si kwenye karatasi.