Boti ya okazioni kwa familia: kuja na nyundo, pesa ibaki nyumbani kwanza

Mwaka jana yaya yangu, mashemeji wawili na mimi tulimaliza zamu zetu za likelemba, tukaweka pesa pamoja: dola 2.800. Tulitaka boti ndogo ya kutembeza familia kwenye ziwa Kivu siku ya Yenga. Watoto waogelee, waruke majini, na tuwakokote juu ya mpira wa ndani ya tairi la kamyo, ule muchezo munaujua wote. Kwa pesa ile huwezi kuongea boti mpya na moteri yake. Basi ni okazioni.

Mimi nilisoma elektromekaniki. Familia ikasema: wewe njo injenia, utuchagulie. Na kidogo tu niwazamishe.

Boti ya kwanza ilikuwa nzuri kwa macho: rangi nyeupe mpya, viti vimeshonwa upya, moteri ya farasi 40 imesuguliwa mpaka inang'aa. Tulitoka nayo watu watatu pale Bukavu, ikakimbia vizuri sana. Nilitaka tulipe siku ile ile. Mama njo alikataa. "Hamutakuwa watatu, baba. Muipande kwanza vile mutaipanda." Muuzaji akakubali, esanse juu yetu. Siku ya Yenga tukapanda tisa, wane kati yetu watoto. Tukiwa mbali na ukingo, shemeji akaona moteri inalalia nyuma, kidogo kidogo, kama jino linalotaka kutoka. Maji yakafika kwenye vidole vya miguu. Tukasukuma watoto wote mbele ili mukia wa boti unyanyuke, tukapunguza mwendo, tukageukia ukingo wa karibu. Nusu saa nzima. Hakuna aliyeongea.

Niwaeleze kilichotokea, juu karibu kila boti ya plastiki ngumu yenye miaka mingi inaweza kuwa na ugonjwa huo. Ule ukuta wa nyuma unaobeba moteri, mara nyingi si plastiki tupu. Ndani yake kuna mbao za tripleksi, zimefunikwa huku na huku na fiba na rezini. Moteri inashikwa kwa skrubu na bulonzi zinazotoboa huo ukuta. Kama matundu hayakuzibwa vizuri, maji yanaingia pole pole, mbao inaoza ndani, na nje rangi inabaki inacheka. Moteri ya farasi 40 inapita kilo 70, na ikisukuma boti yenye watu tisa, huo ukuta unavumilia nguvu nyingi zaidi ya ule uzito. Watu watatu hawakutosha kuonyesha ubovu.

Kwa hiyo kuja na nyundo ndogo. Piga taratibu ukuta wote wa nyuma, kisha sakafu. Mbao nzima inajibu kwa sauti kavu, ko-ko-ko. Mbao iliyooza inajibu kama unapiga godoro. Kisha shika moteri kwa muguu wake wa chini, inyanyue na uishushe: ukuta ukicheza, hata kidogo, aga muuzaji kwa heshima. Ukiruhusiwa, fungua skrubu moja ya chini. Ikitoka na maji meusi, mazungumzo yameisha. Kwenye sakafu, vua viatu utembee kwa visigino. Na uangalie boti inavyokaa majini bila watu: kama maji yanapita juu ya alama ya zamani, pengine povu lililowekwa ndani ya tumbo la boti ili lisizame limekunywa maji. Boti ya namna hiyo inabeba mzigo ambao huuoni.

Tuje kwa umri. Boti zilizotengenezewa Ulaya tangu mwisho wa miaka ya 1990 ziko na namba ya herufi na tarakimu 14, imechongwa nyuma upande wa kuume. Herufi mbili za kwanza ni inchi, tarakimu mbili za mwisho ni mwaka wa modeli. Muuzaji wetu alisema 2012. Namba iliishia na 99! Na namba ikiwa imekwanguliwa, usiulize sana, rudi nyumbani.

Hizo boti ziko pia na kibao chenye alama ya CE na herufi moja kati ya A na D. Kibao hicho kinasema watu wangapi na kilo ngapi. D ni ya maji yaliyotulia, mawimbi ya sentimita 30 hivi. C inakubali upepo wa nguvu ya 6 na mawimbi mpaka meta 2. Kivu asubuhi inaonekana kama kioo, lakini tunajua upepo wa mchana. Mimi siwezi kuchukua D kwa familia, hata kwa bei ya zawadi. Na namba ya watu iliyo kwenye kibao si ya kubishana nayo. Tarehe 3 Oktoba 2024, boti iliyotoka Minova ilizama karibu na Kituku, pale Goma, watu wakiwa wanaiona kutoka ukingo. Wengi walikufa. Kila mumoja wetu anajua mutu aliyempoteza mutu.

Moteri sasa. Kabla ya yote, weka mkono juu yake. Ikiwa ya moto, waliiwasha kabla hujafika, maana ikiwa baridi haikubali. Urudi kesho. Ikiwaka, lazima katundu ka nyuma katoe maji kwa nguvu. Kasipotoa, moteri haipoozwi. Fungua oili ya sanduku la chini: ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia. Fundi apime mgandamizo wa kila silinda. Namba yenyewe si kitu sana, ila silinda zisipishane zaidi ya asilimia 10 hivi. Kuhusu aina, ile ya zamani ya kuchanganya oili na esanse (nusu lita kwa lita 25) inakula esanse na inatoa moshi, lakini fundi wa kwetu anaijua kwa macho yaliyofungwa. Mimi niliichagua bila haya.

Kuna jambo moja ambalo wauzaji hawasemi, pengine hawalijui. Ziwa letu liko kwenye meta 1.460 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, na moteri isiyo na turbo inapoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila meta 300. Farasi 40 ya pwani, kwetu inakuwa kama 34. Kwenye Tanganyika, meta 770 hivi, hasara ni nusu ya hiyo. Boti iliyofungwa elisi kwa ajili ya bahari itafika kwetu imechoka: moteri haipandi mizunguko, na ukikokota watoto wawili kwenye mpira, boti inakataa kuinuka juu ya maji. Dawa si moteri kubwa zaidi. Badilisha elisi, uweke yenye hatua fupi kidogo, yaani inayosonga mbele kidogo kwa kila muzunguko.

Elisi hiyo hiyo ni kisu. Mutoto anapopanda kutoka majini, moteri inazimwa. Kuiacha kwenye nyutro haitoshi. Tafuta boti yenye ngazi nyuma na yenye kamba ya kuzimisha moteri dereva akianguka, na uijaribu mbele ya muuzaji. Kwenye kukokota, mumoja anaendesha, mwingine anaangalia nyuma tu. Na mukitua kupumzika upande wa Goma, musitandike mikeka mabondeni kwenye mashimo ya lava: mazuku inakaa chini, haina rangi, na mutoto ni mufupi.

Mwishowe tulichukua boti ya tatu, mbaya kwa sura, kijani iliyofifia, dola 2.200 baada ya siku mbili za maneno. Ukuta wa nyuma ulijibu ko-ko-ko. Dola 600 zilizobaki ziliingia kwenye elisi na majile, ya watoto yakiwa na mkanda wa kupita katikati ya miguu, juu bila huo jile linabaki juu ya maji na mutoto anateleza chini. Kibao kinasema watu sita. Sisi tuko tisa, basi tunaenda kwa zamu, na shemeji mukubwa bado ananuna anapobaki ukingoni na sufuria ya sambaza.