Uzito wa Mtoto na Mpangilio wa Baiti

Mtu wa pwani akisema khamstashara, na mwenyeji wa Ufipa akisema kumi na tano, wote wawili wametaja idadi ileile. Wa kwanza ameanza na tano, wa pili ameanza na kumi. Sisi hatupotei, kwa kuwa maneno yenyewe hutuonyesha lipi ni kumi na lipi ni tano. Mashine haina maneno hayo. Hupokea vipande vya namba, na isipoelezwa kipi ni kikubwa na kipi ni kidogo, huweza kuonyesha namba nyingine kabisa.

Jambo hili ni la waandishi wa programu, lakini limeingia wodini pamoja na mizani ya kidijitali, mashine za kupima damu na picha za eksirei zinazohifadhiwa kwenye kompyuta. Ndiyo maana linamhusu mhudumu wa afya na mgonjwa pia.

Ipi itangulie?

Kompyuta huhifadhi namba katika vyumba vidogo viitwavyo baiti. Baiti moja hubeba namba kuanzia 0 hadi 255. Namba kubwa zaidi huhitaji baiti mbili au zaidi, kama sisi tunavyohitaji tarakimu ya makumi tukishavuka tisa. Katika baiti mbili, moja huhesabu mafungu ya 256, nyingine huhesabu mabaki.

Kuhusu ipi itangulie, wahandisi hawakuafikiana. Prosesa za Intel hutanguliza baiti ya mabaki. Kanuni za intaneti hutanguliza ya mafungu. Bluetooth, inayotumiwa na vifaa vingi vya tiba kutuma vipimo, hutanguliza ya mabaki. Mwaka 1980 mtaalamu wa kompyuta Danny Cohen aliziita kambi hizo mbili kwa majina ya mahasimu katika riwaya ya Jonathan Swift ya mwaka 1726, waliopigana kwa sababu ya ncha ya yai inayopaswa kuvunjwa kwanza. Hoja yake ilikuwa kwamba kukubaliana ni muhimu kuliko mpangilio unaochaguliwa.

Mfano wa Matai

Tuchukulie kuwa mtoto njiti amezaliwa Matai, na mizani imeunganishwa na kompyuta ya kituo. Uzito wake ni gramu 1,545, yaani mafungu 6 ya 256, na mabaki 9. Mizani inatuma 9, kisha 6. Programu ikidhani kwamba mafungu ndiyo yaliyotangulia, itahesabu mafungu 9 na mabaki 6, na kuandika gramu 2,310.

Namba zote mbili zinaaminika, na hapo ndipo hatari ilipo. Mtoto aliyestahili kufungwa kifuani mwa mama kwa mtindo wa kangaruu, na pengine kupewa rufaa kwenda Sumbawanga, anaonekana hana haja kubwa hivyo. Dozi ya jentamisini, ambayo hukokotolewa kwa kilo, itazidi kwa karibu nusu. Na dawa hiyo ikizidi yaweza kudhuru figo na masikio.

Mtoto wa gramu 2,570 ana mafungu 10 na mabaki 10. Ukizigeuza baiti zake, namba haibadiliki. Fundi aliyeijaribu mizani kwa uzito huo pekee angeondoka ameridhika, na kosa lingebaki palepale.

Kinga

Kwa mwandishi wa programu, kinga ni kusoma mwongozo wa kifaa na kufuata mpangilio uliotajwa humo, bila kujali kompyuta yake hutumia mpangilio gani. Achukue baiti ya mafungu, aizidishe kwa 256, kisha ajumlishe ya mabaki. Jibu litakuwa sahihi kwenye kompyuta yoyote. Kiwango cha DICOM cha picha za tiba hulitatua jambo hili kwa kulitaka kila faili litaje mpangilio wake.

Kwa mhudumu wa afya, siku kifaa kipya kinapounganishwa, weka juu ya mizani mawe ya uzito unaojulikana, zaidi ya moja. Linganisha kioo cha mizani na kioo cha kompyuta. Kosa hili likiwapo, jiwe la gramu 1,000 laweza kusomeka 59,395, na hapo hakuna atakayedanganyika. Namba zikitofautiana, acha kutumia muunganisho huo, andika kwa mkono kile kinachosomeka kwenye mizani, na umwite fundi. Hata siku za kawaida, namba isiyolingana na mtoto unayemwona ipimwe upya kabla ya dozi kukokotolewa.

Nawe mzazi, tazama namba kwenye mizani mwanao anapopimwa, kisha itazame iliyoandikwa kwenye kadi yake. Zikipishana, uliza. Swali hilo si utovu wa adabu. Huenda likawa ndilo litakalomkinga mwanao na dozi isiyo yake.